Mlinzi wa Miaka 300

Kando ya barabara moja iliyokuwa ikitengenezwa Makueni, chini ya mgunga, palikuwa na kontena dogo lenye kufuli mbili. Mlangoni palibandikwa alama ya njano yenye petali tatu nyeusi. Mlinzi, mzee wa kama miaka 60, alikuwa ameweka kiti chake hatua ishirini kutoka pale, juani, na kivuli chote cha mgunga amekiachia kontena. Nikamuuliza, "Mzee, mbona hukai kivulini?"

"Niliambiwa nisikae karibu," akasema. "Kwa nini, sikuambiwa."

Ndani mlikuwa na kifaa cha kupimia kama udongo na kokoto za barabara zimeshindiliwa vya kutosha. Tumboni mwa kifaa cha aina hiyo mna chembe mbili zilizofungwa ndani ya chuma: moja ya sesiamu-137, nyingine ya amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu. Mionzi ya ile ya kwanza hupita ardhini, na kile kinachofika kwenye kihesabio humwambia fundi ardhi imeshikana kiasi gani. Ile ya pili hupima unyevu. Barabara ikiisha, kifaa huhamia barabara nyingine, hadi siku kitakapochakaa au mwenye nacho afilisike. Siku hiyo chembe zile mbili bado ni changa. Sesiamu hupungua kwa nusu kila miaka 30. Amerisiamu huchukua miaka 432.

Mkenya akisikia taka za nyuklia, hukumbuka Uyombo, Kilifi, ambako wenyeji waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia, au habari za kukihamishia Siaya. Hukumu hiyo inatangulia kesi. Kinu hakipo, lakini taka zipo tangu zamani: mashine kuukuu za kobalti za kutibu saratani, vipimo vya viwandani, vyanzo vya visima vya mafuta, vizuia radi vya zamani vilivyotiwa radiamu, pamoja na glavu na vitambaa vya maabara. Baadhi hujifia zenyewe. Teknesiamu ya hospitali hupungua nusu kwa saa sita, ukiifungia kabatini wiki moja hakuna la kuogopa. Zinazobaki hukusanywa Oloolua, Ngong, kwenye kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019. Oloolua ni stoo. Tanzania nayo ina stoo yake Arusha. Stoo si kaburi, na ipo siku mtu atakunjua ramani aulize kaburi lichimbwe wapi.

Tuikunjue wenyewe. Vigezo vinajulikana dunia nzima: mvua chache, maji ya chini yawe mbali, mwamba mzee uliotulia, mitetemeko haba, watu wachache, barabara ipitike. Ukianza kufuta kwa kalamu, Bonde la Ufa linakwenda kwa ajili ya volkano na mitetemeko, nyanda za juu kwa ajili ya mvua na msongamano wa watu, pwani kwa ajili ya maji. Kalamu hukawia ikifika Ukambani. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sehemu yake ya kusini imo ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Chini yake ni miamba ya kale ya ukanda wa Msumbiji, iliyopikwa na kukunjwa mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa anayesoma ramani tu, kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Basi tuteremke mtoni. Mito mingi ya Kitui, Tiva kwa mfano, au Nzeeu, huwa na maji ya kuonekana siku chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni barabara ya mchanga mweupe. Mama niliyemkuta kwenye mto mmoja mwezi wa tisa alikuwa ameinama ndani ya shimo lenye kina cha kifua, akichota kwa kibuyu kilichokatwa nusu. Anachota, anasubiri. Maji yanajitokeza upande mmoja wa shimo, kidogo kidogo kama jasho, yanajaa kiganja, anachota tena. Mtungi wa lita 20 ulimchukua muda wa mtu kumaliza sufuria ya maharagwe. Alipomaliza alivuta matawi ya miiba akalifunika shimo ili mbuzi na punda wasilivuruge, kisha akafagia nyayo zake. Nilimwambia mto umekauka. "Mwanangu," akasema, "haujakauka. Umejificha."

Akili hiyo ndiyo iliyozaa mabwawa ya mchanga. Mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mafuriko hushusha mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga mzito ukishajaa, hadi theluthi yake na zaidi yaweza kuwa maji, yaliyofichwa jua lisiyanywe na mbu wasitage. SASOL, shirika la Kitui lenyewe, limesaidia jamii kujenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo kile ambacho ramani ya mvua hukiita nchi kavu ni nchi inayoweka maji yake palepale ambapo mhandisi wa taka angependa kuchimba handaki: mita chache chini, ndani ya mchanga na nyufa za mwamba uliochoka. Na mvua yenyewe, japo chache, haidondoki kwa adabu. Hushuka kwa saa mbili ikachimba makorongo. Mwenye shamba Ukambani asipokata matuta, msimu mmoja unatosha kuuona udongo wake ukihama.

Sisemi kwamba pahali panapofaa hapapo. Huenda kuna mwinuko fulani, mbali na mikondo yote, wenye udongo wa mfinyanzi wa kutosha. Sababu ya kusita kwangu ni nyingine, nayo ni kile kigezo cha "watu wachache".

Taka za kiwango cha chini, zile zinazoweza kuzikwa karibu na uso wa ardhi, hupigiwa hesabu ya miaka kama 300. Sesiamu ikipungua nusu mara kumi hubaki sehemu moja katika elfu. Miaka 300 ni mingi kiasi gani Kitui? Mmisionari Krapf alifika huko mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, kiongozi wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kwa mbali. Hiyo haijatimia hata miaka 200. Masimulizi ya Wakamba wenyewe, na wanahistoria walioyafuata, husema watu walivuka mto Athi kutoka milima ya Mbooni kuingia Kitui karne ya 18. Kulinda shimo miaka 300, basi, ni kulilinda kwa muda unaokaribia umri wote wa Wakamba Kitui.

Makueni inauma zaidi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya nyanda zake ilikuwa vichaka vya mbung'o, na serikali ya kikoloni ilipoanza mradi wa makazi baada ya 1945, kwanza ilibidi kufyeka. Mhandisi ambaye mwaka 1930 angetafuta mahali pasipo na mtu, angeweka alama pale bila kusita, na kwa vigezo vyake angekuwa sahihi. Sensa ya 2019 ilihesabu Makueni watu 987,653. Reli imepita hapo, barabara kuu imepita hapo, maembe ya Makueni yanauzwa Nairobi. Wakoloni walikuwa na desturi ya kukosea hivyo wakiwatazama Wakamba. Miaka ya 1930 maofisa wao waliandika kana kwamba Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, imekwisha kufa kwa mmomonyoko. Wakataka kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu kwenda Nairobi kudai mifugo yao. Nchi iliyosemekana imekufa ilikatwa matuta na wenyewe, ikapandwa miti, na wakazi wake wakaongezeka mara kadhaa.

Kwa maneno mengine, utupu haudumu miaka 300. Kama kuna kitu kinachodumu ni katazo, na mtu wa kulilinda katazo. Hapo ndipo Wakamba wana jambo la kumwambia mhandisi, na mhandisi ana la kuwaambia.

Kithitu ni kiapo na pia ni chombo. Katika maelezo ya zamani mara nyingi ni pembe ya mnyama iliyotiwa vitu vinavyojulikana na mwenyewe tu. Anayeapa hukipiga kwa kijiti, hakishiki. Aliyeapa uongo hafi papo hapo. Kifo huja baadaye, na huenda kikaanzia kwa ndugu, kikapita nyumba kwa nyumba hadi mtu akiri. Kwa sababu hiyo kithitu hakiwekwi nyumbani. Hufichwa nje, mbali na watoto na mifugo, na mwenye nacho anajulikana. Msomaji aliyewahi kupewa mafunzo ya usalama wa mionzi atakuwa ameshatabasamu: kaa mbali, shika kwa kifaa, usikae muda mrefu, madhara hayaonekani siku hiyo. Wakamba walifundisha kanuni zile bila kihesabio.

Lakini ulinganisho ukiusukuma sana huvunjika, na afadhali uvunjike mapema. Kithitu kina mlango wa kutokea: wazee wakikubali, kosa likikiriwa, ng'ondu ya utakaso hunyunyizwa na jambo likaisha. Sesiamu haipokei ungamo. Tena kithitu humtafuta mwongo. Mionzi humpata mtoto aliyeokota kitu king'aacho. Anayesema kwamba mila inatosha ameisahau tofauti hiyo.

Ithembo linakaribia zaidi. Ni pahali pa kutolea sadaka, aghalabu chini ya mkuyu mkubwa, pasipokatwa mti wala kulishwa mbuzi, chini ya wazee wanaojulikana kwa kazi hiyo. Alama haipo, ukuta haupo. Kuna jina, kuna katazo, kuna watu. Pwani, Wamijikenda waliyafanya hayo kwa mpango mkubwa zaidi. Kila kaya, yaani makao yao ya kale ndani ya msitu, ilikuwa na fingo lake, hirizi iliyozikwa ndani ya msitu pahali palipojulikana na wazee wachache tu, na msitu mzima ukawa ngome yake. Kaya Mrima, Kwale, imekaa juu ya kilima chenye thoriamu kiasi kwamba mionzi ya ardhi yenyewe iko juu kuliko kawaida. Nisieleweke vibaya: wazee wa Mrima hawakujua thoriamu, na watu wengi wameishi kandokando ya kilima hicho. Ninachokitaja ni kwamba katazo la kuchimba liliwekwa kwa sababu nyingine kabisa, likafanya kazi ambayo uzio wa seng'enge haungeifanya.

Mwaka 1984 mtaalamu wa ishara wa Marekani, Thomas Sebeok, alitoa ripoti aliyoombwa kuhusu namna ya kuwaonya watu wa miaka 10,000 ijayo juu ya taka nzito za nyuklia. Alipima lugha, michoro na minara, akaona vyote huchakaa. Akapendekeza ukuhani wa atomiki: kundi dogo lijirithishe ukweli, na umma uachiwe hadithi na miiko ya kuogofya mahali pale. Wengi walimcheka. Kwa msomaji wa pwani au wa Ukambani hakuna cha kucheka, kwa kuwa ni kaya ileile na fingo lake, imeandikwa kwa Kiingereza. Tofauti ni kwamba mzee wa kaya huogopa fingo analolilinda. Kuhani wa Sebeok haogopi hadithi anayoisimulia, anajua ameitunga. Siku wajukuu watakapogundua kwamba waliogofywa kwa uongo, wataanza kwa kuchimba.

Wafaransa wamekwenda njia ya wazi. Kituo chao cha Manche, kule Normandie, kilipokea taka toka 1969 hadi 1994, mita za ujazo 527,000, na sasa kiko katika kipindi cha ulinzi kinachohesabiwa kwa karne. Andra, wakala unaohusika, uliandika kumbukumbu zake kwenye karatasi maalumu isiyooza upesi, nakala moja ikapelekwa Nyaraka za Taifa. Baadaye ukaanzisha vikundi vya wenyeji, wengine wastaafu wa kituo, wakae wafikiri namna ya kulikumbusha jambo hili kwa watakaokuja. Nikisoma habari za vikundi hivyo huwaona wazee wa ithembo wakiwa na makoti ya mvua.

Kwa nini mlinzi, na si mwamba? Tazama Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Kliniki ilihama, ikaacha mashine ya tiba ya mionzi kwenye jengo lililoanza kubomolewa, huku wenye kliniki na wenye jengo wakivutana mahakamani. Tarehe 13, mlinzi wa jengo hakufika kazini. Vijana wawili wakaing'oa sehemu ya mashine wakaiuza kama skrapu. Mwenye duka la vyuma akaona unga unaong'aa samawati gizani, akawagawia jamaa na marafiki kama johari. Watu 249 walikutwa na uchafu wa sesiamu, wanne wakafa, mmoja mtoto wa miaka sita, na siku ya maziko yake watu wa mji walizuia jeneza wakiogopa ardhi yao. Nyumba zilibomolewa na udongo kukwanguliwa. Kenya, ambayo Januari 2022 ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu nguzo za umeme zilikuwa zinaangushwa, isijidanganye kwamba hadithi ya Goiânia ni ya mbali. Katika soko lolote la Ukambani, chuma kizito kina bei kabla hakijawa na jina.

Lakini kabla ya mlinzi kuna wa kuulizwa. Afrika Kusini ilipata Vaalputs, Namakwaland, handaki za mfinyanzi kwenye ukame wa Northern Cape, zikaanza kupokea mapipa ya kinu cha Koeberg mwaka 1986. Kama jiolojia, ni pahali pa kuonewa wivu. Ila mwaka wenyewe, enzi ya ubaguzi wa rangi, unasema ni nani aliulizwa na nani hakuulizwa.

Waswidi walijifunza kwa njia ndefu. Mwaka 1980, wataalamu walipotaka kutoboa mlima wa Kynnefjäll kuupima, wenyeji walijenga kibanda njiani wakaulinda kwa zamu, usiku na mchana, mpaka mwaka 2000. Miaka 20 ya zamu! Huo ni mwethya, isipokuwa baridi. Katikati ya hapo kampuni ya taka ikabadili mwendo, ikaacha kuchagua mlima na kuanza kutafuta wilaya zilizo tayari, nazo kwa sheria zina haki ya kukataa. Forsmark, ambako taka za kiwango cha chini tayari zilikuwa zikiwekwa toka 1988 mita 50 chini ya sakafu ya bahari, ikapatikana hivyo kwa ajili ya zile nzito.

Na kuuliza nako kuna hila. Australia Kusini, wilaya ya Kimba ilipiga kura mwaka 2019, asilimia 61 na ushei wakaunga mkono kituo. Wabarngarla, wenye asili ya ardhi ile, hawakuhesabiwa kwa kuwa wengi wao hawaishi ndani ya mpaka wa wilaya. Wakaendesha kura yao wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo. Julai 2023 mahakama ikautupa uamuzi wa waziri, na mwezi uliofuata serikali ikaachana na mradi. Swali la Kimba ni la Kitui pia. Aliye Nairobi mwaka mzima, ambaye kaburi la babu yake liko Endau, ni mwenyeji au si mwenyeji? Wakamba hulijibu bila kufikiri. Daftari la wapiga kura hujibu tofauti.

Watu wa bonde la Mui, Kitui, wana mzigo wao wa kumbukumbu hapa. Tangu kutangazwa makaa ya mawe, tani milioni 400 katika kitalu kimoja tu, wamekuwa wakiishi kama wageni kwao: ujenge nyumba ya matofali ama usubiri fidia? Mikataba ilisainiwa, kesi zikafunguliwa, makaa yamo ardhini bado. Ukifika kwao na ramani ya taka za mionzi, hukuti watu wasioelewa sayansi. Unakuta watu walioelewa mikutano. Katiba ya 2010 inataka ushirikishwaji wa umma, na kinachofanyika mara nyingi ni hema, soda, karatasi ya mahudhurio, kisha ile karatasi ya mahudhurio ndiyo ridhaa.

Nilimpelekea maswali haya mzee mmoja wa Kitui ambaye bado hutunza ithembo, au kilichobaki cha ithembo, maana nusu yake imekwisha kwa makaa ya kuni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama kitu hicho kina harufu. Nikamwambia hakina. Akauliza kama kuna anayelipwa kukitazama, na atalipwa hadi lini. Nikataja miaka 300, akatikisa kichwa, si kwa mshangao, kama mtu anayehesabu.

Nikamuuliza yeye mwenyewe atamwachia nani kazi ya ithembo.

"Nina vijana wawili," akasema. "Mmoja ni mhubiri, hataki hata kusikia jina la mahali hapa. Mwingine yuko Doha."

"Anafanya kazi gani huko, mzee?"

"Ni mlinzi," akasema.